Si wa Pili, ni la Pili

Kopo liligonga ndani ya ndoo. Ko. Likanyamaza. Kisha maji yakamwagika taratibu, kama ya mtu asiyetaka maji yake yasikike.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Adhana ya alfajiri bado. Nilipapasa kitandani: Mwanaidi yupo, mguu huku, mkono kule, nywele zake zimesukwa twende kilioni. Baba yake hayupo.

"Ismail?"

"Lala."

"Unaoga saa hizi?"

"Joto."

Ilikuwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba Dar nzima inajifunika khanga mbili mbili.

Aliyeolewa ananielewa. Mwanamume hajimwagii maji ya baridi kabla ya adhana bila sababu, na sababu yenyewe, kama ipo, huwa inatoka kwa mkewe. Kwangu haikutoka. Alirudi jana isha imeshapita, akanipa mgongo, akakoroma.

Aliingia chumbani anachuruzika. Pamoja na maji yote yale, alinukia udi. Mimi udi wangu uliisha tangu Idd.

"Jiandae," akasema gizani. "Leo la pili linaingia."

Moyo ukaniruka. Ndoo nikaisahau, udi nikausahau. Ndivyo nilivyo mimi: nikipewa habari njema hata ya kuokota, habari mbaya naifunika kawa nisiione.

Kama Jumapili iliyopita gazeti lilikupita, au lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakudokezea tuende pamoja.

Mimi ni Salma, Mama Mwanaidi, wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nyumba ni ya mama mkwe wangu, Bi Kijakazi, ambaye siku hizi anaishi Magomeni kwa binti yake. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, alinipa mimi kwa mdomo wake. Humo nilikuwa nashona, kwa cherehani niliyoachiwa na marehemu mama yangu.

Mume wangu ni dalali wa vitu vya umeme. Ndiye aliyeniambia kushona kumekufa, mitumba imekuzika, nibadilishe cherehani kwa mashine ya gemu. Nililia, nikakubali. Nilivyolia niliwasimulia, sirudii.

Na msisahau neno la Bi Kijakazi siku ya ndoa yangu. Yeye mumewe alimficha mke mwenza kule mtaa wa Gerezani, bibi akaja kumjua msibani, wajane wawili wanalilia jeneza moja. Akasema mbele ya shangazi zake Ismail: "Mwanangu akitaka kuongeza mke, aseme, ni haki yake. Akioa kwa kujificha, chumba cha mbele na vyote vilivyomo ni vya Salma, na yeye kwangu hana mlango."

Basi. Tuendelee na bata.

Maana gemu lililotulisha ni la bata. Watoto wanaliita Jeshi la Bata. Ni bata wafupi, wamevaa kofia za chuma zinazowaziba macho. Halina papara kama gemu la ngumi. Unamsogeza bata wako kwenye kiraba, unafikiri, unamsogeza mwingine. Ukimaliza, adui naye anasogeza wake. Zamu yako, zamu yake. Ukimpeleka bata pabaya anatumbukia mtoni, anatoka amelowa, anakutazama mpaka unamwomba radhi.

Na wanaongea. Kila baada ya zamu maneno yanaandikwa chini, Kiingereza kitupu. Hapo ndipo penye kazi yangu. Mimi nasoma masomo ya jioni Mnazi Mmoja, najiandaa na mtihani wa kidato cha nne, Mungu akipenda. Nikakaa pembeni ya televisheni nawasomea watoto kwa Kiswahili.

"Kapteni anasema: 'Jamani, nani kanilowesha soksi?'"

Watoto hoi. Wakaacha vibanda vya mpira wakajaa kwangu. Si kwa sababu ya mashine, mashine zipo kila kona. Kwa sababu bata wa kwangu wanaongea.

Lakini lile gemu lilitutenda. Mwisho wake Mfalme Bata anafungwa mnarani, ng'ambo ya mto. Malkia anasimama mwanzo wa daraja, mvua inamnyeshea. Ananyanyua mguu. Halafu skrini inakuwa nyeusi. Itaendelea!

Atavuka? Hatavuka? Mtaa mzima ulikuwa unangoja la pili, tangu Mwanaidi hajaota meno.

Sasa unaelewa kwa nini niliisahau ndoo.

Asubuhi nikatoka uani naimba. Sofia, mpangaji wa chumba cha kati, alikuwa anapiga mswaki. Paskalina, mpangaji mwenzake, alikuwa anachoma vitumbua.

"Mama Mwanaidi, za kuamka?" akasema Sofia, povu mdomoni. "Tumesikia wa pili kafika."

Nikacheka. Mwalimu wetu wa jioni ametukomesha na ngeli, sikio langu haliachi kitu kipite.

"Si wa pili, Sofia. Ni la pili. Gemu, magemu. Ngeli ya li-ya. 'Wa' ni ya watu na wanyama."

Sofia akamtazama Paskalina. Paskalina akatazama kikaango.

"Hee," Sofia akasema. "Kwani bata si wanyama?"

"Bata ni wanyama. Gemu si mnyama. La pili limefika."

"Haya, mwalimu, limefika. Na wewe unalipokea?"

"Kwa mikono miwili! Nimelingoja miaka."

Upawa wa Paskalina ulianguka kwenye mafuta.

"Una kifua wewe mwanamke," akasema.

"Kifua cha nini, dada? Faida si yangu? La kwanza limeshachakaa, linakwamakwama, watu wamelichoka."

"Mungu wangu," Sofia akanong'ona, "anajisema mwenyewe."

"Unasemaje?"

"Nasema, litakaa wapi?"

"Palepale na la kwanza. Yatapishana zamu. Hili asubuhi, lile jioni."

"Na usiku?"

"Usiku Ismail anayafungia yote mawili kabatini."

Sofia alikaa chini. Alikaa chini kwenye maji ya kuoshea vyombo, mswaki mkononi, anacheka machozi yanamtoka. Nikampa ncha ya khanga yangu ajipanguse. Na mimi nikacheka naye, msomaji. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, sijui ninachokicheka.

Paskalina ndiye aliyenyamaza kwanza. Akachagua kitumbua kikubwa, akampa Mwanaidi.

"Kula, mwanangu," akamwambia, kwa sauti ya msibani.

Umeme ulirudi mchana. Alasiri Ismail akaingia na bahasha ya kaki, watoto wamemfuata kama bwana harusi. Chumba kilijaa mpaka dirishani. Pedi ya kuchezea tulimpa Eliasi wa sekondari, bingwa wetu, asiyepoteza bata ovyo.

Kwenye kasha paliandikwa "2" kubwa, na bata wekundu.

"Wekundu!" watoto wakapiga kelele. "Jeshi jipya!"

Nikajisogeza karibu na skrini, nikasafisha koo. Muziki ukaanza. Kapteni akatokea, akafungua mdomo, nikaanza kusoma:

"Jamani, nani kani..."

"...lowesha soksi," watoto wakamalizia.

Wakanigeukia wote.

"Mama Mwanaidi," Eliasi akasema, "huyu si yule yule?"

"Subirini. Labda anakumbushia."

Eliasi akasogeza bata. Mto ule ule. Mnara ule ule. Bata wale wale, ila wekundu, na wekundu wenyewe umemwagika nje ya mistari, mmoja ana jicho jekundu, mwingine mdomo wote umevimba rangi.

"Wamepakwa rangi ya mdomo!" mtu akapasua kicheko.

"Feki! Feki! Turudishieni!"

"Si hili, mama," Mwanaidi akasema kutoka kwenye mkeka.

"Najua, mwanangu. Nyamaza, mama anaumia."

Walitoka wote, wanazomea. Mmoja tu, wa mwisho kabisa, kajichana goti, aligeuka mlangoni.

"Kwa hiyo malkia hajavuka?"

"Bado, mwanangu."

Akaondoka kichwa chini.

Ismail alikuwa kaegemea mlango, anachokonoa meno na njiti ya kiberiti. Alichokipata akakitazama, akakirudisha mdomoni. Ni mume wangu, nimemzoea, lakini siku ile nilitazama pembeni.

"Mhindi kanipiga," akasema.

"Mihir? Mihir hajawahi kukupiga."

"Soko huria, mama. Kila mtu anampiga mwenzake."

"Basi naenda kwake sasa hivi, kabla hawajafunga."

Njiti ikasimama.

"Usiende!"

Alisema kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kisha akajirudi, akatabasamu. "Nitaenda mimi kesho. Wewe mwanamke utaenda kubishana madukani?"

Nikasema sawa. Alipoingia uani, nikamwacha Mwanaidi kwa Paskalina, nikatupa mtandio kichwani, nikachukua ile sidii na kasha lake, nikatoka.

Duka la akina Mihir liko jirani na Msimbazi. Baba mtu, mzee Tulsidas, hukaa mlangoni na redio yake ndogo, kaitega sikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mtoto mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Mihir, kaka yangu, umetuuzia bata waliopakwa rangi ya mdomo."

Mihir akaipokea sidii. Akaigeuza kwenye mwanga, akaikwaruza kwa ukucha, akacheka kidogo kwa hasira.

"Dada Salma, hii yangu? Hii ya kutandika chini, pale Mtaa wa Kongo. Ona, hata picha ya kasha imetolewa kivuli. Mimi nilimpa Ismail orijino. Ilifika moja tu, watu wanaililia, nikasema hapana, hii ya dada Salma. Hata mpwa wangu kule Upanga anasema bata wa kwako ndio wanaongea."

"Ulimpa lini?"

"Wiki iliyopita. Pamoja na ile mashine mpya, na televisheni." Akaninyooshea mkono nimpe wa pongezi. "Hongereni kwa tawi."

"Tawi gani?"

Mkono wake ukabaki hewani. Mzee Tulsidas akapunguza redio.

"La Gerezani," Mihir akasema polepole. "Si mmefungua Gerezani? Yule dada ndiye aliyeijaribu gemu hapahapa, uliposimama. Alifurahi, anarukaruka. Nikamwuliza Ismail, huyu dada ni nani? Akaniambia, huyu ndiye wa pili."

"La pi..." nikaanza, kwa mazoea.

Nikalirudia neno lake kimoyomoyo.

Wa. Ngeli ya watu.

Maneno ya uani nikayasikia upya. Wa pili kafika. Unalipokea? Litakaa wapi? Na usiku? Na mimi nawasahihisha! Nawafundisha sarufi, mwanamke mzima, wenzangu wanajishika mbavu.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Waridi. Nafikiri Waridi. Dada, kaa kidogo."

"Mpe kiti," mzee akasema. Akaizima redio kabisa. "Binti, sisi tulijua unajua."

Sikukaa. Nilitoka, nikapita katikati ya mikokoteni, nikakata kuelekea sokoni sijui naenda wapi. Pale wanapomwaga nyanya zilizooza nikainama.

"Pisha, mama, mzigo!" mpagazi akanipigia kelele. Kisha akaona. "Ah, mjamzito huyo, mpisheni!"

Sikuwa mjamzito. Nilikuwa nimejaa mume wangu, nikawa namtoa.

Nilikuwa nakumbuka kopo. Kopo lile lile ambalo asubuhi namnawishia mwanangu uso. Alilitumia gizani kujisafisha mwanamke mwingine, akalirudisha kwenye msumari wake, akavaa shati nililolipiga pasi, akala uji wangu, akasema umezidi sukari.

Nikakumbuka nywele za Mwanaidi. Kila Ijumaa Ismail humchukua kwenda kubembea. Ijumaa iliyopita alimrudisha kasukwa upya, mistari mizuri, imekaza. "Nimempitisha kwa msusi," akaniambia. Nikamsifu! Nikamwambia, baba gani siku hizi anakumbuka nywele za mtoto?

Kinyaa kingine ukitapike kinaisha. Hiki kila nikitapika kilikuwa kinaongezeka.

Nyumbani nikalichukua lile kopo nikalitupa jalalani. Sofia akaniona.

"Mama Mwanaidi..."

"Wa pili anaitwa Waridi," nikamwambia. "Umefaulu mtihani, Sofia. Ngeli yako ilikuwa sahihi."

Uso ukamshuka. "Tulidhani unajua, mwenzangu. Ulivyosema utalipokea kwa mikono miwili, tukasema, huyu kashakubali."

"Mlicheka."

"Tulicheka," akakubali. "Tulicheka, kwa kweli."

Nikamkalisha Mwanaidi mapajani, nikaanza kumfumua. Mstari kwa mstari, mpaka kichwa kizima kikasimama kama mpira wa pamba.

"Inauma, mama."

"Najua. Inaisha."

Sikumwuliza nani alimsuka. Swali lilikuwa mdomoni, nikalimeza na mate machungu. Mtoto ambaye bado anaita tumbili "tubili" nimfanye shahidi wa uchafu wa baba yake? Uchafu wao wausafishe wakubwa. Tukalala chumba cha mbele, mimi na yeye, kwenye mkeka, mashine ikatulinda.

Nilipanga kesho yake nimfuate Bi Kijakazi Magomeni nimweleze taratibu. Ismail akaniwahi. Kabla sijafunga hata mtandio, nikasikia hodi ya bibi mwenyewe barazani, na mwanawe nyuma yake kambebea mkoba.

Ismail kavaa kanzu nyeupe. Ananukia udi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kafa humu? Mbona kila mtu kavaa uso wa matanga?" Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka bakora magotini. "Mwanangu kaja mbio kunichukua. Ismail, sema ulichoniitia."

"Mama, mkweo masomo ya jioni yamempanda kichwani. Wateja kawafukuza, jana kazunguka kwenye maduka ya watu ananichafua. Ndani hapapikiki, hapalaliki. Mimi nimechoka."

Alichoka yeye!

"Salma," bibi akasema, "na wewe sema."

Nikasema. Sidii, Mihir, televisheni ya pili, Gerezani, Waridi. Niliposema Gerezani, mkono wa Bi Kijakazi ulikaza bakora.

"Ismail. Umeoa?"

"Sijaoa."

"Apa."

"Wallahi, mama, sijaoa. Huyo Waridi ni mteja kama wateja wengine. Kanituma mashine, nimemtafutia, nimekula udalali wangu, kwisha. Na hiyo gemu ya pili orijino haipo! Bongo nzima haijaingia. Mhindi kaniuzia feki, kabanwa, anatunga hadithi. Hakuna mtu mji huu aliyeiona, hakuna."

Kabla ya kuingia alikuwa amejichukulia kitumbua kwa Paskalina. Mafuta yalikuwa bado yanang'aa mdomoni. Nilimtazama anavyoapa, jina la Mungu linateleza kwenye mafuta yale linatoka.

Kuoa si dhambi, msomaji. Angekuja akaniambia ningelia, ningenuna, labda ningekubali, labda ningeondoka. Lakini kuniletea bata wa kupakwa rangi, akanikalisha mbele ya watoto wa watu niwasomee!

"Sofia!" bibi akaita. "Njoo hapa. Wewe unaishi humu. Unajua nini?"

Sofia alisimama mlangoni anasokota ncha ya khanga. Akamtazama Ismail, ambaye ndiye anayepokea kodi.

"Mimi mpangaji tu, bibi."

"Paskalina!"

"Vitumbua vinaungua, bibi!"

Bi Kijakazi akashusha pumzi. Akanigeukia, na nilimwona hataki kusema anachotaka kusema.

"Salma, mwanangu, nakupenda. Lakini mimi niliyelizwa siwezi kumliza mtu kwa neno la dukani. Neno nililotoa siku ya ndoa yako bado lipo. Lakini lina makali pande zote mbili. Mwanangu kaapa. Wewe una shahidi?"

Mwanaidi alikuwa kwenye mkeka, kichwa chake cha pamba, pedi mikononi. Anapenda kuangalia mwisho wa gemu letu la zamani, ameshajua kulifikisha huko. Pale mbele yake malkia alikuwa amesimama, mvua inanyesha.

Swali moja tu lingetosha. Lilikuwa karibu, kama maji ya kunywa.

Nikamtazama alivyokunja vidole vya miguu. Nikamtazama baba yake anavyonitazama, anavyongoja nione aibu.

"Sina, mama," nikasema.

"Basi nipe ufunguo. Nakifunga chumba mpaka mpatane. Asije mtu akafaidi ugomvi."

Ufunguo huwa naufunga kwenye pindo la khanga. Nilianza kulifungua fundo, nalo likagoma. Cherehani ya mama ilitokea mlango huu huu. Sasa natoka mimi. Ismail akavuta kiti nyuma kunipisha, adabu tele, akajilamba mafuta mdomoni.

Watoto walikuwa wameshajazana dirishani, vichwa kwenye nondo. Umbea haukosi wasikilizaji Kariakoo. Skrini ikawa nyeusi. Yule wa goti lililochanika akashindwa kuvumilia:

"Mama Mwanaidi, kwani malkia hajavuka mpaka leo?"

"Hajavuka!" Ismail akajibu haraka, anacheka. "Hakuna anayejua, kijana. La pili halijafika."

Fundo likafunguka. Ufunguo ukaniangukia kiganjani, Bi Kijakazi akanyoosha mkono wake.

Mwanaidi hakuinua hata macho.

"Ameshavuka," akasema, "mimi nilimwona kwa mama mdogo Waridi."